Mshahara wa mizani iliyopunguzwa: nitoe fungu la kumi au nisitoe?

MpimaMawe (Lubumbashi, Katuba)

Bwana asifiwe, bandugu. Niko na swali, na yule anayetaka kunijibu kwa mistari mitupu bila kusoma mpaka mwisho, tafadhali aniache kwanza.

Nina miaka 34, nimeoa, tuna watoto watatu, tunapanga Katuba. Kazi yangu ni kupima mawe katika depo moja ya kununua madini, upande wa barabara ya Likasi. Jina la depo silitaji, la bosi pia. Wachimbaji wanaleta mifuko ya kobalti juu ya pikipiki, tunaipandisha kwenye mizani, kisha mimi ninachota unga kidogo, ninautia katika mfuko mdogo wa plastiki na kuuelekezea Metorex. Kwa asiyeijua: ni mashine yenye umbo la bastola. Unakaza kidole, unangoja sekunde chache, na kioo kidogo cha nyuma kinakuonyesha asilimia ya madini. Mchimbaji anasimama upande wa pili wa meza. Kioo kinanitazama mimi, yeye hakimtazami.

Sasa mfuate hesabu. Bei imeandikwa kwa chaki ubaoni, kila asilimia na bei yake, na haipandi kwa hatua sawa. Jiwe la asilimia 4 halilipwi mara mbili ya jiwe la asilimia 2, linalipwa zaidi ya hapo. Kwa hiyo ukimega namba ndogo tu pale kwenye kioo, umemega wiki nzima ya mtu aliyeshuka shimoni kwa kamba. Agizo la bosi ni hili: chochote kinachopita 3, shusha. Ukiona 4.1, tangaza 2.8. Kikiwa chini ya 3, toa kidogo tu, "kwa sababu ya unyevu". Na huo unyevu tumekwisha kuukata kwenye mizani dakika tano kabla.

Mwanzoni nilijiambia mimi ni mkono tu, kichwa ni cha bosi. Halafu mwezi wa pili 2025 serikali yetu ya Kongo ikasimamisha kutoa kobalti nje ya nchi. Depo za jirani zikafunga milango, sisi tukabaki tunanunua kidogo kidogo na kulundika, nikajiambia heri kupunguza kuliko kukosa kazi. Mwezi wa kumi wakafungua tena, lakini kila kampuni na kiasi chake ilichopangiwa, na mimi nikajiambia tungoje mambo yatulie kwanza. Kila msimu ulikuja na sababu yake. Kitu kimoja tu hakikubadilika, ile 2.8.

Sasa upande wa kanisa. Tunasali katika kanisa la uamsho, jina lake pia niachieni. Mimi ni shemasi. Nilipoingia kazi hii nilikuwa ninakaa nyuma, karibu na spika inayokwaruza. Leo nina pikipiki, nina suti mbili, na kiti changu kiko mstari wa kwanza, hakuna aliyeniambia nihamie huko, nilijikuta tu nimefika. Mwaka huu tulikuwa tunatafuta mabati ya kuezeka. Niliomba kwa bosi, ambaye yeye mwenyewe hasali popote, naye akatoa mabati 60. Jumapili ile pasta alinisimamisha mbele ya watu wote, akasema tazameni kijana aliye mwaminifu katika madogo. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Mama mmoja aliyetoka kwenye kiti akicheza mpaka kwenye kikapu na falanga 500 zake, mtoto wake ni mchimbaji. Ninamjua. Amekwisha kusimama mbele ya meza yangu.

Mnataka kujua nilisikia nini moyoni? Nilifurahi, bandugu. Shida yangu iko hapo. Sikuona haya hata kidogo, nilifurahi kabisa, nikainua mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Haya zilikuja usiku.

Tumefundishwa kwamba dunia iko Kamalondo, kwenye bia na muziki wa usiku, na kwenye nguo fupi. Mimi bia sijaigusa tangu 2014. Dunia haikunifuata huko. Ilinikuta kazini, saa mbili za asubuhi, nimetoka kuomba, nimevaa shati safi.

Jambo la mwisho. Tangu mwezi wa sita nina daftari la shule, lile la kurasa 48. Upande wa kushoto ninaandika namba ya kweli, upande wa kulia ile niliyotangaza. Leo nimehesabu, ni mifuko 214. Sijui kwa nini ninaandika. Hakuna aliyenituma.

Basi maswali: huu mshahara, nitoe fungu la kumi juu yake au Mungu hautaki? Pasta nimwambie au nitaharibu furaha ya watu na mabati yao? Na msiniambie tu "acha kazi". Watoto wawili wako shule ya msingi ya serikali, ile iliyofanywa bure tangu 2019, lakini mkubwa yuko sekondari na minervali, ile ada ya shule, haingojei. Kodi ya nyumba pia haijui kuokoka.

---

NuktaTu

Mathayo 6:24. Acha kazi kesho asubuhi. Mengine ni maneno.

---

Mwana_Musompo (Kolwezi)

Kaka, nimecheka, usikasirike. Nimekaa Musompo miaka mingi, hapa tuna depo nyingi kuliko makanisa, na makanisa si machache. Mbona hukuandika habari za upande wa pili wa meza? Mchimbaji wako mtakatifu analoweka mfuko usiku ili uwe mzito. Anaweka jiwe zuri juu na chini yake udongo mtupu. Anajua mkono wako unachotea wapi, anakupangia unga mzuri palepale. Usiniambie hujaona.

Mimi ninavyoona, kila upande unajua kwamba mwenzake anaiba, na bei ya ubaoni imekwisha kuhesabu wizi wa pande zote mbili. Ukisema kweli wewe peke yako, hujamsaidia mtu, umevuruga tu hesabu. Bosi atakutoa na kumweka kijana asiye na daftari wala dhamiri, naye ataandika 2.0. Hapo mchimbaji amepata nini?

Na mabati, yasipotoka kwa bosi wako yatatoka kwa mheshimiwa fulani wakati wa kura. Hiyo nayo utaipima na Metorex?

---

MpimaMawe

@Mwana_Musompo umesema kweli kuhusu mifuko iliyoloweshwa. Nimeona mpaka waliotia vipande vya matofali. Lakini fikiri: mfuko ukiwa na maji, ninauona. Tunaumwaga chini, tunaukausha, tunapiga kelele, tunacheka. Wizi wake uko juani. Wangu hauwezi kumwagwa chini.

Hilo la "atakuja mwingine mbaya zaidi" ndilo ninalojiambia kila asubuhi nikiwasha pikipiki. Nimelisema mara nyingi mpaka limekuwa kama wimbo wa korali.

@NuktaTu aksanti, nilijua utakuja.

---

Papa_Mposho (Lubumbashi, zamani Gécamines)

Mwanangu, mimi ni mzee, ninaandika kwa kidole kimoja, mjukuu wangu ndiye aliyenisomea habari yako.

Vijana hawajui mposho. Wakati wetu mfanyakazi wa Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, kama ilivyokuwa kwa baba yake chini ya Union Minière, kampuni ya Wabelgiji iliyoitangulia, alikuwa anapata pesa na pia chakula: unga, mafuta, samaki. Unga ulipimwa kwenye kantini. Mimi nilianza kazi pale kantini kama kijana wa kusaidia, mwanzo wa miaka ya 1980. Kopo la kupimia lilikuwa la bati. Mkubwa wangu alilibonyeza kitako kwa ndani, kidogo tu, ukubwa wa ngumi ya mtoto. Kila mama aliyekuja na mfuko wake alikosa konzi moja ya unga. Jioni hizo konzi zilikuwa zimekuwa gunia. Gunia tuligawana. Sikulibonyeza mimi kopo lile, lakini nililishika kwa miaka minne, na mama watu walikuwa wananiambia "aksanti, mwanangu". Nyumbani kwetu bukari, yaani ugali, haikupungua hata siku moja.

Hakuna aliyetukamata. Niliondoka kantini, nikaingia karakana, nikaoa, nikabatizwa upya, nikawa mzee wa kanisa. Halafu ukaja mwaka 2003. Walituondoa watu zaidi ya 10,000, wakaita kuondoka kwa hiari. Hiari ya nani, sijui. Tulipanga foleni kwa ajili ya hesabu ya mwisho. Nilipofika mezani, kijana mmoja alitazama karatasi iliyogeukia upande wake, akanitajia kiasi, akaniambia nitie sahihi. Miaka yangu yote kazini, na karatasi sikuiona. Nilitaka kubisha, nikakumbuka kopo, mdomo ukajifunga wenyewe.

Sisemi Mungu alinilipiza. Katika foleni ile wengi hawakuwahi kugusa kopo la mtu, na walipata kama mimi au chini yangu. Ninasema tu kwamba sikuweza kubisha.

Sasa maswali yako. Huyu wa juu aliyekuambia acha kazi kesho, simlaumu. Lakini soma Luka 3. Watoza ushuru walimwendea Yohana Mbatizaji wakauliza tufanye nini. Hakuwaambia wachome meza zao. Aliwaambia wasitoze zaidi ya walichoamriwa. Askari nao aliwaambia wasidhulumu mtu na watosheke na mshahara wao. Aliwarudisha kwenye meza ileile, lakini meza bila ujanja ni kazi ngumu kuliko kuacha, kwa sababu bosi yupo.

Mimi ningekuambia ufanye kitu kimoja. Usitangaze namba kabisa. Geuza kioo, mwache mwenye mfuko asome mwenyewe. Hujamtukana bosi, hujahubiri, umegeuza mkono tu. Bosi akikufukuza kwa hilo, utajua kilichokufukuzisha, na yeye pia atajua.

Kuhusu fungu la kumi, usimpelekee Mungu unga wa watu. Zakayo alikuwa tajiri, Yesu yuko sebuleni mwake, ilikuwa rahisi kabisa kusema nitatoa hekaluni. Yeye alisema maskini, na akasema wale niliowanyang'anya, mara nne. Aliwajua wenye mali yao. Wewe unawajua?

---

GomaHimbi (Goma)

Sisi huku Goma tunaye mtu wa habari kama yako. Floribert Bwana Chui, kijana wa hapahapa, alizaliwa 1981. Alikuwa wa jumuiya ya Sant'Egidio, alikuwa anawafundisha watoto wa mitaani. Akapata kazi OCC, ile ofisi ya kukagua bidhaa mpakani. Wakaleta mchele ulioharibika, wakataka aupitishe, wakampa pesa. Alikataa, akasema watu wataula huu. Mwezi wa saba 2007 walimteka, na siku chache baadaye maiti yake ikaonekana. Alikuwa na miaka 26. Tarehe 15 mwezi wa sita 2025 alitangazwa mwenyeheri huko Roma, na sisi tulifuata kwenye simu, na mji wetu ukiwa mikononi mwa waasi wa M23 tangu mwezi wa kwanza.

Ninasema hivi kukuonyesha kwamba inawezekana. Hakuwa padri, hakuwa mtawa. Alikuwa na ofisi na muhuri, kama wewe na mashine yako.

---

MpimaMawe

Yaya wa Goma, aksanti, na poleni na yote. Lakini kusema kweli nimesoma ujumbe wako nikasikia hasira kidogo. Mimi siombi kuwa mwenyeheri. Ninaomba kulala usingizi. Floribert hakuwa ameoa bado. Na tena alikataa mara ya kwanza walipokuja, mikono yake ilikuwa safi. Mimi nimekubali mara 214, na hizo ni zile tu za tangu mwezi wa sita. Mtu kama mimi anaanzia wapi?

---

GomaHimbi

Umenijibu vizuri, sina la kuongeza. Lakini sidhani kama ilikuwa mara yake ya kwanza kuombwa. Mtu wa mpakani anaombwa kila siku, asubuhi na jioni. Tunaijua tu ile siku moja kwa sababu ndiyo iliyomuua.

---

MamaUzazi (Lubumbashi, mtaa wa Kenya)

Mwanangu MpimaMawe, mimi ni Mkatoliki, niko wa Jamaa, tuliingia pamoja na bwana yangu marehemu alipokuwa kazini Kolwezi. Kwa watoto wa siku hizi: Jamaa ni ile iliyoanza na Baba Placide Tempels, Mfransisko, huko Kolwezi miaka ya 1950. Tulifundishwa maneno matatu, uzima, uzazi, mapendo, na tulifundishwa tukiwa wawili wawili, baba na mama. Mwanamume hakuweza kufundishwa peke yake akaondoka. Walimuuliza, mama yuko wapi?

Sasa nimesoma barua yako mara mbili. Umeandika bosi, pasta, mchimbaji, mama wa falanga 500, spika inayokwaruza. Bibi yako umemwandika kwa neno moja, "nimeoa". Halafu watoto, halafu minervali, yeye hayumo tena. Daftari lako liko wapi nyumbani? Mimi ninafikiri liko mahali ambapo yeye hafagii.

Unatuuliza sisi, watu tusiokujua hata uso, kama umwambie pasta. Na yule anayefua suti zako hujamwambia. Bwana yangu naye alikuwa na jambo lake, sitalisema hapa. Alilificha miaka mitatu, akaungama kwa mapadri wawili tofauti, akawasha mishumaa. Siku aliyoniambia ndiyo siku aliyoacha kukohoa usiku. Nilikasirika sana, nilirudi kwetu wiki mbili. Lakini alilala.

---

Mwana_Musompo

Mama, kwa heshima, bibi akijua, pesa ya soko itapungua na kelele zitaongezeka. Wengine tunawaficha ili tuwalinde.

---

MamaUzazi

Unamlinda na nini, mwanangu? Na bukari anayoipika yeye mwenyewe?

---

NuktaTu

Nimesoma yote sasa, mpaka mwisho, kama ulivyoomba.

Sikuandika vile kwa sababu ni rahisi. Niliacha kazi ya namna yako 2019, si ya mawe, ya stoo ya dawa. Nilikuwa nabadilisha tarehe kwenye makaratasi. Niliacha siku moja, bila kumwambia mtu, nikidhani Bwana atanifungulia mlango mwingine palepale. Hakufungua. Leo ninauza mkate na mayai ya kuchemsha karibu na soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi. Bibi alikaa mwaka mmoja na nusu, akaenda. Pasta wetu wa wakati ule alipanda madhabahuni kuwaambia watu kwamba umaskini ni laana, na macho yake yalinitafuta mimi.

Bado ninasema acha. Lakini Mama ana haki: mimi sikumwambia bibi kwanza. Alisikia kwa jirani kwamba siendi tena kazini. Alipoondoka hakulia habari ya pesa. Alisema, "Uliamua maisha yangu ukiwa unapiga mswaki."

---

MpimaMawe

Bandugu, ni siku tisa tangu niandike. Sikupotea, nilikuwa ninatembea na maneno yenu. Ninawaambia yaliyotokea, mazuri na mabaya, bila kupanga.

Nilimwambia bibi Jumanne usiku. SNEL walikuwa wamekata umeme, alikuwa anapiga pasi ya makaa kwenye nguo za shule, taa ni simu iliyosimamishwa kwenye glasi. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi, na aya pia. Nikashindwa, nikampa daftari. (Mama Uzazi, lilikuwa ndani ya mfuko wa kofia ya pikipiki, sijui ulijuaje.) Alisoma ukurasa wa kwanza, akaruka mpaka wa mwisho, akarudi katikati. Nilingoja alie au apige kelele. Akauliza:

"Majina yao yako wapi?"

Nikasema majina sikuandika. Ni namba tu, tarehe, na uzito.

"Kwa hiyo ukitaka kurudisha, utamrudishia nani?"

Akachukua pasi, akaendelea na kola ya shati. Mpaka leo hajanitukana, na hilo linanichosha kuliko angenitukana. Kitu kimoja alichofanya: alitoa mkebe wa maziwa ya unga, akaufuta, akasema fungu la kumi la mwezi huu liingie humo mpaka tujue ni la nani. Jumapili kikapu kilipopita nilikipitisha kitupu. Ndugu aliyekaa kando yangu mstari wa kwanza alitazama mkono wangu, kisha akatazama viatu vyangu. Nilivumilia. Jumapili ijayo ninarudi kwenye spika.

Pasta nilimwendea Ijumaa. Nilimweleza yote, hata Metorex nilimwonyesha kwa kidole jinsi inavyoshikwa. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza kama mabati yamekwisha kupigiliwa. Nikamwambia ndiyo, yote 60. Akasema, "Basi tuombe." Tukaomba. Sijui hata sasa niiweke wapi siku ile. Ni mtu mwema, alinizikia baba. Lakini mvua ilipoanza kunyesha tukiwa ndani nilisikia mlio wa yale mabati juu ya vichwa vyetu, na yeye alisikia, na wote wawili tukaongeza sauti ya maombi.

Papa Mposho, nilisoma habari ya kopo mara nyingi. Nikaamua nitageuza kioo. Siku mbili nilishindwa, bosi alikuwa anatembea depo, nilitangaza namba zangu kama kawaida, na nikaandika katika daftari, lakini sasa na majina. Nilikuwa ninamuuliza mtu jina lake kama vile ni kitu cha makaratasi. Wengine walinipa jina la utani. Nimeandika hata hayo.

Alhamisi bosi alikwenda Kasumbalesa kufuata magari. Wa kwanza kufika alikuwa kijana wa Ruashi, ana jezi ya Mazembe iliyopauka, ninamkumbuka kwa sababu yumo katika zile 214, mara nne au tano, nina hakika. Tulipima mfuko. Nilichota unga, si pale juu, nilichota katikati (Musompo, ulinifundisha kitu). Nikakaza kidole. Nikangoja. Ikaja 3.9. Nikageuza mkono, kioo kikamtazama yeye.

Hakukitazama kile kioo. Alinitazama mimi usoni, akageuza shingo akatazama mlango wa ofisi, akarudi kwangu.

"Leo bosi hayuko?"